HURUMA HUANZIA KWENYE FOLENI YA MAJI

Mazungumzo yaliyotolewa na shemasi mmoja, mkazi wa kambi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Nyarugusu

    

  

Kwanza kabisa natoa shukrani kwa Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Pili, naishukuru Kamati ya Jamii kwa kunipa nafasi hii. Leo ni tarehe 20 Juni. Zamani siku hii iliitwa Siku ya Wakimbizi Afrika, na tangu mwaka 2001 inaadhimishwa duniani kote. Wengine watazungumza juu ya elimu, afya na haki zetu. Mimi nimepewa neno moja tu, nalo ni huruma: huruma ya Kikristo kwa mtu unayekutana naye katika maisha ya kila siku.

Mimi si mchungaji wala sikusomea teolojia. Ni shemasi wa kawaida, na kwa miaka kadhaa nilikuwa msimamizi wa bomba la maji katika kijiji chetu cha hapa kambini. Kwa hiyo nitazungumza kama mtu wa bomba. Na naomba mnivumilie, kwa sababu habari nitakayoitoa inanihusu mimi mwenyewe, wala si habari ya kujisifu.

1. Hakuna lori linaloleta huruma

Ndugu zangu, tumezoea kufikiri kwamba huruma ni kazi ya mashirika. Wao wana magari, wana ghala, wana bajeti. Sisi tuna kadi ya mgao na foleni. Kwa hiyo tunajiambia: sisi ni watu wa kuhurumiwa, hatuna cha kumpa mwingine. Mtu akizoea kunyoosha mkono ili apokee, husahau kwamba mkono huohuo unaweza kutoa.

Unga huja kwa lori. Mafuta, sabuni na maturubai huja kwa lori. Lakini tangu nifike hapa sijaona lori lililobeba huruma. Hiyo haigawiwi kwenye kituo cha mgao. Inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na mara nyingi inatoka kwa mtu ambaye mwenyewe hana kitu.

Mwaka 2017, na tena mwaka 2023, mgao wetu wa chakula ulipunguzwa kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Kila mmoja hapa anakumbuka. Katika miezi ile niliona jambo moja. Kadiri unga ulivyopungua, ndivyo maneno makali yalivyoongezeka: kwenye foleni, kwenye mashine ya kusaga, hata kati ya mke na mume. Kupunguzwa kwa unga hatukuweza kukuzuia. Lakini maneno mazuri, ni nani aliyetupunguzia?

Kumbukeni yule mjane wa Sarepta katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Alikuwa amebakiwa na unga wa mara moja tu na mafuta kidogo, ale na mwanawe, kisha wafe. Huyo ndiye aliyeombwa mkate na Eliya, naye Eliya alikuwa mgeni aliyekimbia hasira ya mfalme. Mungu hakumpeleka mtumishi wake kwenye nyumba ya tajiri. Alimpeleka kwa mwanamke aliyekuwa anaokota kuni.

2. Njia ya Yeriko

Habari ya Msamaria mwema tunaijua wote. Iko katika Injili ya Luka, sura ya 10. Tumeisikia mara nyingi mpaka haitugusi tena. Hebu tuitazame upya, kama watu waliopita katika njia za hatari.

Kutoka Yerusalemu mpaka Yeriko ni karibu kilomita 27. Yerusalemu iko juu milimani, na Yeriko iko chini kabisa, hata chini ya usawa wa bahari. Njia inateremka kiasi cha mita 1,000 kati ya mawe na makorongo. Ilikuwa njia ya majambazi. Sisi tuliotembea kwa miguu kutoka milimani mpaka kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika hatuhitaji kuelezwa maana ya njia ya namna hiyo. Tunajua kwamba penye maiti au majeruhi njiani mtu haulizi mara mbili, anaongeza mwendo. Kwa hiyo tusiwacheke haraka yule kuhani na yule Mlawi. Huenda waliogopa. Na sisi tuliogopa, tukapita.

Sasa huyo Msamaria alikuwa nani? Fungueni ukurasa mmoja nyuma, sura ya 9. Hapo mtasoma kwamba kijiji kimoja cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu, kwa sababu alikuwa anaelekea Yerusalemu. Yakobo na Yohana walikasirika, wakataka moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze watu wale. Yesu akawakemea. Hiyo ni sura ya 9. Sura ya 10, Yesu anapotaka mfano wa mtu mwenye huruma, anamchagua Msamaria, mtu wa kabila lilelile lililomfungia mlango. Hakuwahukumu wote kwa kosa la kijiji kimoja. Ndugu zangu, sisi tuliotoka katika nchi ambamo watu wameuawa kwa sababu ya kabila lao, jambo hili tulisome polepole.

Tena tazameni alichofanya. Wataalamu wa Maandiko wanatuambia kwamba neno la Kiyunani linalotumika pale kusema alimhurumia linatokana na neno la matumbo, yaani viungo vya ndani. Aliumwa tumboni, kama mzazi anavyoumwa mtoto wake akiumia. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi; huyu aliuona uchungu huo kwa mtoto wa watu wengine. Akasimama. Akafunga majeraha kwa vitu vyake mwenyewe, mafuta yake na divai yake. Kisha akampandisha yule majeruhi juu ya mnyama wake.

Hapo naomba tusimame kidogo. Kama mnyama alikuwa mmoja na majeruhi amepanda, mwenye mnyama alisafiri vipi? Nadhani alitembea kwa miguu, katika njia ileile ya majambazi. Alimpa nafasi yake mwenyewe. Shikeni neno hilo, maana nitalirudia.

3. Asubuhi moja ya mwaka 2015

Wengi wetu tulikuwepo mwaka 2015. Kuanzia mwezi Aprili Warundi walianza kukimbia nchi yao. Maelfu walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kwenye ufuko wa ziwa, na mwezi Mei kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba iliwavusha kwa makundi mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma mabasi yakawaleta hapa. Nyarugusu ilikuwa kambi yetu sisi Wakongo tangu Novemba 1996. Katika miezi michache idadi ya watu iliongezeka kupita kiasi. Wageni walilala katika makanisa na shule. Kanisa letu pia lilijaa. Mabenchi yalitolewa nje ili watu wapate pa kulala.

Maji yalikuwa hayatoshi. Bomba letu lilifunguliwa kwa saa chache tu asubuhi, na ufunguo wa koki ulikuwa kwangu. Nilikuwa na filimbi, nilikuwa na daftari, na nilikuwa na utaratibu: anayewahi anatangulia, dumu moja kwa zamu moja. Nisiposimamia utaratibu huo watu wanapigana. Najua, kwa sababu nimewahi kuona mama amepasuliwa kichwa kwa dumu.

Asubuhi hiyo akaja mama mmoja kutoka kanisani, Mrundi, amembeba mtoto mgongoni na ana dumu dogo la lita tano. Hakwenda mwisho wa foleni. Alikuja moja kwa moja kwangu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alisema mtoto anaharisha tangu usiku, na maji yamekwisha. Nilimtazama mtoto. Midomo ilikuwa imekauka.

Nikamwambia: "Mama, hapa kuna utaratibu. Nenda nyuma."

Foleni ilikuwa ndefu, madumu zaidi ya sitini. Watu nao wakaanza kupaza sauti. Mmoja akasema, "Hawa wamekuja kutumalizia maji." Mwingine akasema, "Warudi kwao." Nami nilinyamaza. Ndugu zangu, kosa langu si kwamba nilitunza utaratibu. Kosa langu ni kwamba nilinyamaza, wakati mimi mwenyewe mwaka 1996, nikiwa kijana wa miaka 19, niliteremka kwenye lori mahali hapahapa, mvua inanyesha, sina hata kikombe.

Katika nafasi ya pili ya foleni alikuwepo bibi mmoja wa kijiji chetu, mjane, anayetembea kwa fimbo. Alikuwa amekuja gizani. Yule bibi hakuwagombeza watu. Hakunigombeza hata mimi. Alilichukua dumu lake, akamwendea yule mama, akamshika mkono, akamleta mpaka pale alipokuwa amesimama yeye, akaliweka lile dumu dogo mahali pa dumu lake. Kisha akaanza kutembea na fimbo yake mpaka mwisho wa foleni.

Watu wakanyamaza. Ni nani angelalamika? Foleni haikuvunjwa. Hakuna aliyerushwa. Hesabu ya madumu mbele ya kila mtu ilikuwa ileile. Ni mtu mmoja tu aliyepoteza, na huyo alikuwa amechagua mwenyewe kupoteza.

Saa ya kufunga ilipofika nilipuliza filimbi nikafunga koki. Yalikuwa yamebaki madumu manne. Moja lilikuwa la yule bibi. Alirudi nyumbani na dumu tupu, na aliyelifunga bomba mbele yake ni mimi.

Jioni nilishindwa kula. Nikachukua maji ya nyumbani kwangu, nusu ya dumu, nikampelekea. Nikamwuliza: "Bibi, ulijua kwamba hutapata maji?" Akasema: "Nilijua." Nikamwuliza: "Kwa nini basi?" Akacheka kidogo, akasema: "Mwanangu, mimi ni mzee. Kusubiri nimezoea. Yule mtoto hajazoea."

Mtoto yule alipelekwa zahanati siku ileile, akatibiwa, akapona. Baadaye mwaka huohuo, baada ya kambi ya Nduta kufunguliwa tena, Warundi wengi walihamishwa kutoka hapa kwenda huko, na yule mama alikuwa mmojawapo. Kabla ya kupanda basi alikuja kumwaga bibi. Mimi hakuja kuniaga, wala sikustahili kuagwa.

4. Huruma si upendeleo

Tangu siku ile nimefikiri sana, na hili ndilo neno langu la leo: huruma ya kweli hutoa nafasi yake yenyewe, haitoi nafasi ya mwingine.

Nasema hivyo kwa sababu hapa kambini kuna kitu kinachojivika nguo ya huruma, nacho ni upendeleo. Msimamizi anamchukua shemeji yake kutoka nyuma anamweka mbele, anasema, "Namhurumia." La hasha! Hajamhurumia mtu. Amechukua nafasi ya watu sitini akamzawadia mmoja, na yeye mwenyewe hakupoteza hata tone. Mjumbe anaandika jina la rafiki yake katika orodha ya wasiojiweza, huku kipofu wa jirani hayumo. Huo ni wizi, hata ukifanywa kwa tabasamu.

Yule bibi angeweza kunipigia kelele: "Mpe maji huyu mama!" Kama ningekubali, watu wote wa foleni wangelipa gharama ya wema wake, na chuki kwa Warundi ingeongezeka. Badala yake alilipa yeye. Ndivyo alivyofanya Msamaria: mafuta yake, divai yake, mnyama wake, dinari zake mbili. Na ndivyo alivyofanya Bwana wetu, ambaye hakutukomboa kwa damu ya mtu mwingine.

5. Watu tunaokutana nao

Labda mtu atasema: "Mimi sina bomba, wala sijakutana na majeruhi njiani." Hebu niwataje watu watatu ambao kila mmoja wetu hukutana nao.

Wa kwanza ni jirani ambaye safari yake imekwama. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kulikuwa na familia zilizokwisha kuhojiwa, zilizokwisha kupimwa afya, nyingine zimeuza masufuria, vitanda na kuku ili zijiandae. Halafu safari hakuna. Mnakumbuka baadhi yetu tulifanya nini? Tulicheka. Tulisema, "Karibuni tena Nyarugusu." Mtu aliyeaga ukoo mzima, akalia, akarudi kulala chini kwa sababu kitanda amekiuza, sisi tunamfanya kichekesho! Ndugu yangu, kama wewe ndiwe uliyenunua lile sufuria kwa bei ya kutupa, mrudishie. Usingoje aje kuomba, maana aibu itamzuia. Mpelekee jioni, wakati watu hawaoni.

Wa pili ni mwenyeji wetu, mkulima wa vijiji vya jirani kama Makere. Nchi hii imepokea wakimbizi kwa miaka mingi, na Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini nchi si jina la rais tu. Nchi ni yule mama wa Kiha ambaye katika miezi yetu ya kwanza, nilipopotea nikitafuta kuni, alinikuta nimekaa chini ya mti natetemeka kwa homa. Alinipa muhogo wa kuchemsha na akamtuma mtoto wake anionyeshe njia. Hakuniuliza kibali. Leo mmoja wetu akikata mti wa matunda wa mkulima kama huyo ili apate kuni, au akipita na kung'oa mihogo usiku, anamlipa nini yule mama? Ni kweli yako malalamiko pande zote mbili, na wako akina mama wetu waliopata madhara makubwa huko porini. Hayo yapelekwe kwenye vyombo vya sheria, yasifichwe. Lakini kosa la mtu mmoja lisitufanye tusahau muhogo wa mtu mwingine. Msiombe moto ushuke juu ya kijiji kizima.

Wa tatu ni yule ambaye akili zake zimechoka. Kila kijiji cha kambi kinaye. Anaongea peke yake, anazunguka sokoni, watoto wanamrushia mawe na watu wazima wanatazama. Wengi wa hao hawakuzaliwa hivyo. Waliona mambo ambayo macho ya mwanadamu hayakuumbwa kuyaona. Huwezi kumponya. Lakini unaweza kumwita kwa jina lake. Unaweza kumkataza mtoto wako. Unaweza kumwonyesha njia ya kwenda kwenye huduma, na ukatembea naye mpaka mlangoni, maana peke yake hatafika.

6. Kwa watumishi wa mashirika

Sasa naomba radhi nizungumze na wageni wetu, wafanyakazi wa mashirika.

Katika habari ya Msamaria kuna mtu ambaye wahubiri humpita haraka, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alikaa usiku mmoja tu. Asubuhi alitoa dinari mbili, yaani mshahara wa kibarua wa siku mbili, akaendelea na safari yake akiahidi kulipa zaidi atakaporudi. Tangu saa ile maisha ya majeruhi yalikuwa mikononi mwa mtu anayelipwa. Usiku, majeruhi alipolia kiu, ni nani aliyeamka? Ni yule mwenye nyumba. Luka hatuambii kama aliamka kwa uso mzuri au kwa kununa. Lakini nina hakika majeruhi aliijua tofauti.

Ninyi ndio nyumba ya wageni. Wafadhili wametoa dinari zao, wako mbali. Sisi tuko kwenu. Tunajua mna kanuni, na mimi mtu wa bomba siwezi kuwaambia mvunje kanuni. Najua pia kwamba mnachoka, na kwamba mnapotuambia mgao umepunguzwa si ninyi mliopunguza. Tunachoomba hakihitaji bajeti. Mnapotuambia "hapana", tuambieni mkitutazama usoni. Mzee akija dirishani, mwiteni mzee, msimwite kwa namba ya kadi. Faili likipotea, semeni limepotea, ili mtu asirudi mara kumi. "Hapana" yenye heshima mtu anaweza kwenda kulala nayo. Dharau haimpi mtu usingizi.

Nasi wakazi tuwahurumie wao pia. Yule kijana anayesimama juani tangu asubuhi kutwa akisoma majina, naye ana mama yake mahali fulani. Matusi hayaongezi unga.

7. Huruma ina macho

Neno la mwisho kabla sijamaliza. Huruma si ujinga. Msamaria alifunga majeraha, lakini hakubaki pale maisha yake yote. Alikuwa na safari yake, akaendelea. Kwa hiyo usijilaumu kwa sababu huwezi kuibeba kambi nzima. Hujatumwa kwa kambi nzima. Umetumwa kwa yule aliye mbele yako.

Na huruma haifichi uovu. Ukiona mtoto anapigwa kupita kiasi, au binti anaozeshwa kwa nguvu, au mtu anadai rushwa ya mwili ili aandike jina, kunyamaza na kusema "namhurumia mkosaji" si Ukristo. Katika hali hiyo wa kuhurumiwa ni yule anayeumia. Toa taarifa kwa wanaohusika.

Nawaachia mambo manne tuyafanye kuanzia kesho asubuhi, si mwakani:

Kwanza, kila siku mjue kwa jina mtu mmoja ambaye jana hukumjua, hasa kama si wa kabila lako.

Pili, unapokuwa kwenye foleni, angalia nyuma yako. Kama yupo mjamzito, mgonjwa au mzee, mpe nafasi yako wewe, nawe urudi ilikokuwa nafasi yake.

Tatu, ukisikia watu wanatukana kabila au taifa la mtu mbele yako, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Si lazima ugombane. Sema tu: "Hata sisi tulikuja hivyohivyo."

Nne, kila familia itazame jirani mmoja asiye na mtu wa kumchotea maji au kumpokelea mgao, na watoto wapangiwe zamu ya kumsaidia. Mtoto akifundishwa hivyo hapa, atakuwa na kitu cha kuchukua siku atakapoondoka, iwe ni kurudi Kongo, kurudi Burundi au kwenda nchi ya mbali. Begi lake linaweza kupotea njiani. Hicho hakipotei.

Ndugu zangu, yule bibi hatuko naye tena. Alifariki hapahapa kambini na tulimzika hapahapa, mbali na makaburi ya wazazi wake. Hakuacha mali. Fimbo yake anayo mjukuu wake. Katika maziko yake hakuna aliyetaja mambo makubwa, kwa sababu hakuwahi kuwa mjumbe wala kiongozi wa kitu chochote. Lakini mimi nilisimama pale kaburini nikakumbuka dumu tupu, nikajua kwamba katika kambi hii yote nimemwona mtu mmoja aliyeifahamu njia ya Yeriko kuliko sisi mashemasi.

Mwanasheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani. Yesu alimaliza kwa kumwuliza ni nani kati ya wale watatu aliyekuwa jirani, kisha akamtuma akafanye vivyo hivyo. Basi nasi kesho, bomba litakapofunguliwa, tusiulize ni nani anayestahili. Tuulize ni nani kati yetu atakayerudi nyuma.

Mungu aibariki kambi yetu, awabariki wenyeji wetu wa Tanzania, awakumbuke waliobaki nyumbani, na awape amani Kongo na Burundi.